Aliyewashikia Wote: Historia ya Marehemu Baba Yetu

Ndugu, jamaa, majirani, waombolezaji wote mlioacha shughuli zenu, na ninyi waheshimiwa mawakili mlioketi viti vya mbele na miwani yenu myeusi, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia ya baba yetu, na kamati ya mazishi imeniomba niwe mfupi na nisichafue hali ya hewa, la kwanza nitajitahidi.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mke wake, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, na shangazi yuko hapa atathibitisha kwamba fimbo yake ya kwanza aliipata kwa kuitikia "Nipo!" jina la rafiki yake lilipoitwa, rafiki akiwa bado kitandani kwao, na baada ya fimbo alisema tu, "Sasa ningemwachaje, mwalimu?" Aliendelea na sekondari, kisha chuo kikuu alikosomea sheria, akapata leseni ya uwakili mwaka 1989, akafungua ofisi ghorofani juu ya duka la vioo, chumba kimoja, meza mbili, feni yenye mapanga mawili badala ya matatu, akamkaribisha wakili mwenzake meza ya pili, na huyo mwenzake ndiye mwenyekiti wetu wa kamati leo.

Kwa msiojua mambo ya mahakama, wakili akikwama, mwenzake husimama na kusema, "Mheshimiwa hakimu, namshikia mwenzangu," akaomba tarehe nyingine, na shauri la mteja linapona, dakika mbili, basi. Baba aliwashikia wenye misiba na wenye harusi, wenye malaria na wenye hangover, tena bila kudai hata soda, nao wakampa jina, wakamwita Spea, kama tairi la akiba, "Umekwama? Muulize Spea!", wakicheka, naye akicheka nao.

Alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa shule ya msingi, Ijumaa tarehe 14 Agosti 1992, na siku hiyo bibi harusi alikaa na shela lake kwenye benchi la kusubiria mpaka maua yakalegea, kwa sababu bwana harusi alikuwa mahakamani akimshikia mtu aliyeanza kusherehekea harusi hiyo tangu jana yake. Mama alimwambia, "Siku nyingine utaoa karani wa mahakama," lakini alimsamehe, na Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi ni kitinda mimba. Baba alitupigia pasi sare zetu mwenyewe, sukari ikipungua alitusimamisha sebuleni mmoja mmoja na kutuhoji, na mwenye utetezi mzuri aliachiwa huru hata kama midomo yake ilikuwa na chembechembe.

Miaka yake miwili ya mwisho aliwatetea akina mama wale walioketi nyuma kabisa, waliokuwa wakifua mashuka ya hoteli mpaka dawa ikawala ngozi za viganja, kisha wakafukuzwa kwa kuwa hawawezi tena kukamua shuka. Shauri lao lilipangwa Jumatatu tarehe 5 Februari 2024, na Jumamosi ya kabla yake baba alianguka akifunga tai, moyo, akalazwa, na akiwa na mipira puani aliwaandikia mawakili watatu ujumbe wa simu, "Naomba unishikie Jumatatu." Mmoja alijibu, "Sorry bro, niko busy." Wa pili alituma vile vikono viwili vya kuomba dua. Wa tatu hakujibu, lakini Jumatatu hiyo alikuwa ndani ya chumba hichohicho cha mahakama, na karani anasema jina la baba liliitwa mara tatu, naye akainama kufuta vumbi la kiatu, na shauri likafutwa kwa kuwa wakili hakufika. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini hata shukrani ya punda huwa na aibu kuliko hii.

Jioni hiyo baba, aliyekuwa amepoteza fahamu tangu Jumapili, alizinduka na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alinishikia?", na mama, ambaye hajawahi kumdanganya, alimwambia, "Ulishikiwa, mume wangu, lala," akalala akitabasamu, na Jumapili tarehe 11 alfajiri akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na majirani mliotuletea maji na viti kabla hatujaomba. Kwa wafanyakazi wenzake, shada lenu ni kubwa kuliko jeneza, limeandikwa "To our learned friend", kwa rafiki yetu msomi, kama mnavyoitana mahakamani, tumeliona.

Kesho Alhamisi saa tatu asubuhi hakimu atasikiliza ombi la kulirudisha shauri la akina mama hawa, na hoteli italeta mawakili wawili. Mimi nina shahada ya sheria lakini sina leseni, leseni inataka mwaka mzima wa mafunzo ofisini kwa wakili, na ofisi zenu zote zimeniambia, "Acha CV mapokezi, tutakupigia," kwa hiyo siruhusiwi kusimama mbele ya hakimu. Ninyi mnaruhusiwa. Mama alisema uwongo mmoja tu katika ndoa yake, naomba mtu mmoja aufanye kuwa kweli.

Nitauliza kama karani anavyoita, mara tatu, na nitanyamaza kila mara, msiogope ukimya. Nani anamshikia? Nani anamshikia? Nani anamshikia?

Pumzika, baba. Amani tutakuletea kesho.