Jiwe Lililogeuzwa Kilimani

Zadock Wesonga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, baada ya miaka thelathini na miwili ya kuchonga maandishi kwenye mawe katika karakana yetu ya Ngara.

Alifika mwaka 1974 kutoka Bungoma, akiwa na patasi mbili na nyundo ya mjomba wake. Mawe ya msingi ya shule, ya zahanati, ya makanisa, ya makaburi, yote yamepita mikononi mwake. Herufi zake zilinyooka bila rula, na rula alikuwa nayo. Chai ya saa nne aliinywa akiwa amesimama. Kuhusu miwani tusiseme mengi. Alikubali kuivaa baada ya kumwita mteja mmoja wa kike Bwana mara tatu.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Mzee Zadock alilipenda jina lake. Kabla ya kugusa neno lolote la mteja, alichonga kwanza Z. WESONGA chini kabisa ya jiwe, na kila mwaka herufi hizo zilizidi kunenepa. Bi. Phoebe Wahu, mwenye karakana, alimwonya. Akajibiwa kwamba hata fundi wa nguo hutia lebo.

Mwaka 2003 kanisa moja la Kilimani liliagiza jiwe la ukumbi mpya. Mstari wa mwisho ulipaswa kusema KWA UTUKUFU WA MUNGU. Sasa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Bwana Norman Wainaina, hakukoma kupiga simu: ongeza mgeni wa heshima, ongeza cheo chake, ongeza kamati yote, na mwenyekiti mwenyewe asisahaulike. Karani aliyepokea simu hizo na kuzipeleka kwa fundi bila swali ndiye anayeandika haya. Mistari ikashuka, nafasi ikaisha, na neno la mwisho likakosa pa kukaa. Mzee angeweza kulikwangua jina lake. Moyo ulimkatalia. Akajiambia waumini watajua tu kilichokusudiwa.

Jumapili pazia lilipovutwa, kanisa zima likasoma kwa sauti. KWA UTUKUFU WA, na chini yake, Z. WESONGA. Lo! Watoto ndio waliocheka kwanza.

Kanisa likalikataa jiwe. Bi. Phoebe alisema wazi kwamba hawezi kumweka fundi anayejiabudu, akampa hadi mwisho wa mwezi. Kibarua kilikuwa karibu kuota nyasi, na mtu wa umri wake, asiyejua kazi nyingine, angeanzia wapi? Alikuja kazini siku mbili bila kumsalimia mtu. Siku ya tatu alikwenda Kilimani kumwomba Mchungaji Peres wa kanisa hilo ruhusa ya kuliondoa jiwe.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu walewale. Aliwaambia kwamba palibaki nafasi ya jina moja, naye akachagua lake. Kisha akawaonyesha jiwe. Alikuwa ameligeuza, na upande wa nyuma, uliokuwa mtupu, amechonga maneno manne tu: KWA UTUKUFU WA MUNGU. Bwana Norman aliuliza kwa ukali jina lake limekwenda wapi. Mzee akamjibu kwa upole kwamba lipo, litautazama ukuta pamoja na la fundi. Bwana Norman akaomba mwiko, akapaka saruji mwenyewe.

Bi. Phoebe alikuwa kwenye ibada hiyo. Kesho yake alimkuta Mzee akifunga vyombo vyake, akamwambia avirudishe mezani. Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililotoka Ngara na jina la Wesonga. Sisi tulidhani ni hasira ya wiki moja.

Mwezi uliopita tulitaka kumchongea jiwe la kumuaga. Alikataa, tena alikasirika kabisa. Alisema mikono alipewa, macho alipewa, na kazi yenyewe alirudishiwa. Tukiwa na shukrani, tujue pa kuzipeleka.

Haya, Mzee Zadock. Bungoma ikupokee vizuri, uwe na afya, mahindi ya kutosha, na wajukuu wasumbufu kiasi. Makofi tuliyokuandalia hatutayapiga. Kabla ya chakula tutasimama sote, tumshukuru Mungu.