Kofia Mbele ya Pua ya Ndege

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Kaeni kitako, mwenye chai yake na aimimine, maana mtu tunayemkumbuka leo hafai kuelezwa mbiombio. Ni Fundi Ahmada Usi wa Jang'ombe. Alifariki Jumatano alfajiri, akazikwa siku ile ile baada ya Alasiri. Alikuwa na miaka sitini na nne. Fundi Ahmada alikuwa fundi wa ndege.

Wengi wenu mnamjua kwa jina jengine. Fundi Kinyume. Naam, ndilo hilo. Watoto walimwita hivyo akipita, na watu wazima wakacheka pembeni. Leo jina hilo tutaligeuza tulitazame upande wake wa pili, kwa sababu kuna mtu kaniomba. Anaitwa Bakar Machano.

Bakar alikuwa fundi mdogo chini ya Ahmada. Alipofika uwanja wa ndege alikuwa anajua kushika spana tu, basi. Siku ya kwanza Ahmada alimpindulia baiskeli, magurudumu juu, akaibana breki.

"Umeuona waya unavyovuta? Hizi ndege ndogo ndogo ndivyo zilivyo. Rubani ana usukani mikononi na pedeli miguuni. Nyuma ya kila bawa kuna kibawa kinachocheza. Waya wa chuma unatoka kwenye usukani, unapita juu ya vigurudumu vyake, unakwenda mpaka kule. Rubani akizungusha kushoto, kibawa cha kushoto kinanyanyuka, cha kulia kinashuka. Bawa la kushoto linazama, ndege inalalia kushoto. Akiuvuta usukani kifuani, ubao wa mkiani unanyanyuka, pua inapanda. Pedeli nazo zinauchezesha ule ubao uliosimama, pua inakwenda huku na huku."

"Tu?" Bakar akauliza.

"Tu. Lakini ukikosea waya mmoja, rubani anaomba kushoto anapewa kulia. Na huko juu, bwana, hakuna pa kuegesha akauliza njia."

Kwa hiyo Ahmada alikuwa na ada yake. Akishagusa nyaya, hatii saini mpaka mmoja akae ndani na mwengine asimame nje. Wa ndani anazungusha na kutaja upande. Wa nje anajibu anachokiona. Na wa nje husimama nyuma ya mkia, atazame inakotazama ndege, ili mkono wake wa kulia na bawa la kulia viwe upande mmoja.

"Nyuma ya mkia, Bakar. Ukisimama mbele, ushakuwa kioo. Kulia kwako ni kushoto kwa ndege."

Shikeni hapo, wapendwa. Nyuma ya mkia.

Sasa ile siku. Ilikuwa Ramadhani, miaka tisa iliyopita, saa saba mchana. Walikuwa wamebadilisha nyaya za mabawa ya ndege moja ndogo. Ahmada aliziunga mwenyewe, na katika kuziunga akapishanisha mbili. Ya kushoto ikakaa kulia, ya kulia ikakaa kushoto. Kosa hilo lilikuwa lake, na hakulikana hata siku moja.

Lakini ukaguzi ulikuwepo. Ahmada alijikunja chini, mbele ya kiti cha rubani, macho kwenye vigurudumu vya waya, mkono mmoja juu kashika usukani. Nje hakuoni. Anasikia sauti tu.

Nyuma ya mkia jua lilikuwa linawaka, na lami inachoma mpaka ndani ya viatu. Mbele ya pua, banda lilikuwa limetupa kivuli. Bakar alikuwa amefunga, koo limekauka. Akaenda kivulini, akavua kofia yake ajipepee.

"Kushoto!" Ahmada akaita.

Kibawa cha kulia ndicho kilichonyanyuka. Lakini Bakar alikuwa ameielekea ndege uso kwa uso, na kibawa kile kilikuwa upande wa mkono wake wa kushoto.

"Kushoto juu!" akajibu.

"Kulia!"

"Kulia juu!"

Ahmada akatoka, akajifuta mikono, akatia saini.

Rubani Nadir aliipeleka peke yake kuijaribu. Abiria hawakuwemo, alhamdulillahi. Kabla ya kuondoka aliuzungusha usukani akauona mwepesi, lakini hakugeuza shingo kutazama mabawa. Magurudumu yalipoiacha lami tu, upepo ukainyanyua ndege upande wa kulia. Akazungusha kulia kuirudisha. Ikazidi kulalia kushoto. Akazungusha zaidi, ikazidi. Akazima mashine. Bawa likapiga chini, ndege ikazunguka, ikaishia majanini. Nadir alivunjika bega. Hakufa mtu.

Kikaitwa kikao cha uchunguzi. Bakar akaulizwa, "Ulisimama nje ukakagua?" Mwezi ule ndio kwanza alikuwa amepewa ajira ya kudumu, na mkewe ana mimba ya miezi saba. Alimtazama Ahmada. Halafu akatazama meza.

"Sikuitwa," alisema.

Neno moja tu. Ahmada akaulizwa ana la kusema.

"Saini ni yangu."

Ikaandikwa kwamba alitia saini bila ya kukagua. Leseni ikaondoka. Akafungua kibanda barazani kwake, akatengeneza baiskeli na vyerehani.

"Fundi, hii baiskeli nikikanyaga haitarudi nyuma?" walimchokoza.

"Ikirudi itakupeleka kwa mamaako, akakufunze adabu upya."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini binti yake, Nadra, kanambia hivi: "Ndege ikipita, Baba alikuwa hatazami juu. Anaacha kazi, anasikiliza. Halafu anasema, 'Hiyo imekunja kushoto,' anarudi kwenye mnyororo wake."

Kila Idi, Bakar alikwenda na sahani ya halua. Akakaa, akanywa kahawa, akaondoka. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa nane. Mwezi uliopita alikwenda hospitali alikolazwa Fundi, akavuta kiti mpaka karibu ya kitanda.

"Fundi, ile siku…"

Muuguzi akaingia na dawa. Alipotoka, Ahmada alikuwa bado anamngoja.

"Ehe? Ile siku?"

Bakar akasema, "Ile siku ya mvua, ulipofunga kibanda mapema."

Ahmada akafumba macho. "Ah," akasema. "Siku ile."

Hawakuonana tena.

Ijumaa, baada ya hitma, Bakar alirudi mlangoni watu walipotawanyika. Bi Shemsa, mjane wa marehemu, yumo edani, kwa hiyo alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia. Bakar alilieleza pazia yote: kivuli, ile "kushoto juu", na lile neno alilosema kikaoni. 

"Nadra," sauti ikaita. "Ile kofia."

Nadra akaja nayo. Imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama.

"Marehemu aliiokota jioni ile ile, pale ilipokuwa pua ya ndege kabla haijaondoka, kwenye kivuli cha banda," Bi Shemsa akasema. "Akajua ulisimama wapi. Nkamwambia, ichukue ukawaoneshe. Akasema, 'Atasema mwenyewe. Akija, mpe kofia yake.' Basi kila Idi ukishaondoka ananiuliza: kasema? Kama kwamba mie nlisikia ambalo yeye hakulisikia."

"Nisamehe, Bi Shemsa."

"Mie nshasamehe. Lakini aliyekuwa anakungoja si mie."

Jumamosi Bakar aliandika maelezo yake, akayapeleka kunakohusika. Halafu akaja hapa, kofia mkononi, hakuivaa. Akaniomba niseme, nami nasema ili Jang'ombe nzima isikie: Fundi Ahmada Usi alikagua. Alizungusha usukani, aliita, na alijibiwa. Alikagua.

Kwa Bi Shemsa, kwa Nadra na ukoo wote, poleni sana. Mungu amrehemu Fundi, amlaze pema. Na lile jina, tafadhalini, lizikwe naye.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, redio ikishanyamaza, kaeni kidogo. Kama yupo anayekungoja umwambie "ile siku", nenda leo, angali anasikia. Na akikuuliza siku gani, usimtajie mvua.