Sola ya Efrazia

Ndani ya Noah ya kwenda Kwai, afisa wa kata alimwamkia Efrazia shikamoo, kisha akaiona paneli ya sola aliyoipakata.

"Bibi, hiyo uifunge paa la nyuma. Madiwani wamekataza zisionekane barabarani, eti zinaharibu mandhari."

"Nyuma kwangu ni mlima. Jua linafika saa nane, saa tisa ukungu umeshafunga. Aliyepitisha hayo hajawahi kuanika hata maharage huku! Naifunga mbele."

"Tutakuja kuiteremsha."

"Njooni na ngazi yenu."

Gari likasimama kwake. Efrazia akashuka, akamgeukia afisa. "Mjukuu wangu, nipokee mzigo."

Kijana aliyelelewa milimani hamwachii bibi mzigo. Akaibeba paneli mpaka barazani.

"Iegemeze hapo mbele," Efrazia akasema, "ionekane vizuri."