Dawa ya Mvuvi wa Dagaa

Boti kutoka Kagunga ilikuwa inakaribia Kibirizi, na Bibi Winfrida bado anawasikiliza wanaume wawili waliokaa mbele yake.

"Zitupe hizo dawa, kaka," alisema Dismasi, mchuuzi wa mawese. "Mtu gani anasinzia ameshika wavu?"

"Nesi alisema nimeze usiku nikienda kulala," alijibu Ashraf, akijisugua paja. "Nikasahau kumwambia kuwa wavuvi wa dagaa tunalala mchana."

Bibi akaficha kicheko kwenye kitenge.

"Jichue kwa mawese yangu, mishipa italainika."

"Nimejichua mwaka mzima, nikabaki kunukia kama maharage yaliyoungwa! Hizi zimepunguza moto mguuni, na wavu nimeanza kuvuta tena. Siachi. Naenda kwa nesi anipangie saa nyingine."

"Utarudi umelala."

"Nitarudi navua."

Boti ikagusa mchanga. Dismasi alitangulia kushuka, akaona maji yanamfika magotini, akageuka na kuinama. "Panda mgongoni, mbishi wewe."

Ashraf akapanda, pakiti ya dawa ameiinua juu isilowe, na Bibi akawasikia wakibishana mpaka nchi kavu.