Chaki kwa Aliyeliona Kosa

Baada ya kufundisha hisabati katika shule hii kwa miaka ishirini na saba, mwalimu mwenzetu ambaye wanafunzi humwita Bibi Kosa anastaafu tarehe 30 Juni. Habari hii imetushtua. Si kwamba hatukujua kuhesabu miaka. Tulikuwa tumemzoea kama tulivyoizoea kengele, na hakuna anayeuliza kengele itastaafu lini. Mkuu wa shule alipoitangaza katika ofisi ya walimu, vikombe vilitua mezani kwa pamoja.

Jina hilo la utani lilizaliwa siku alipopata kazi hapa. Walimu vijana wamekisikia kisa chake vipande vipande, tena kwa chumvi nyingi. Inafaa kielezwe mara moja kwa usahihi, kwa kuwa mwandishi wa wasifu huu alikuwamo chumbani.

Aliingia nchini akiwa mwalimu aliyekomaa, si mwanagenzi. Alimfuata mumewe, fundi bomba aliyepata ajira hapa, wakapokewa na dada wa mume, mshonaji mwenye duka la vifungo, nyuzi na zipu. Walipewa chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitambaa na cherehani mbovu. Wifi yake alikuwa mkarimu wa mkono na mkali wa ulimi. Makubaliano ya nyumbani yalikuwa wazi: atafute kazi ya ualimu hadi muhula ufungwe, akikosa, aache chaki, ashike mkasi, akae nyuma ya kaunta ya duka. Duka lilikuwa zuri, lakini kwa mtu aliyeusomea ualimu na kuupenda, kaunta ile ilikuwa kifungo.

Vyeti vyake vilikubaliwa bila tatizo. Alitakiwa tu kufundisha somo la majaribio mbele ya jopo. Alifundisha katika shule ya kwanza, wakamwambia kwa upole kwamba watamwita. Katika shule ya pili, watamwita. Katika ya tatu, mkuu wa shule alimsindikiza hadi getini, akamshukuru kwa kuja, akamwambia watamwita. Hakuna aliyemwita, wala aliyemweleza kasoro yake. Yeye akadhani kasoro ni lafudhi, kwa sababu wauzaji sokoni walimcheka kidogo alipotaja bei. Basi akawa anasimama mbele ya kioo cha dukani, kile cha kujaribia nguo, akifanya mazoezi ya kutamka namba. Wifi yake alimtazama kwa siku kadhaa, kisha akamwuliza: “Wifi, kule kwenu ulikuwa unafundisha watu au mbuzi? Maana shule tatu zote haziwezi kuwa na macho mabovu.” Mwalimu alicheka, kwa kuwa wifi ana haki ya utani, lakini siku hiyo hakumaliza chakula chake.

Shule yetu ilikuwa ya nne, na muhula ulikuwa ukingoni. Ilieleweka kwamba baada ya hapa ni mkasi.

Alipewa darasa la tano, katika kile chumba cha pembeni ambacho dirisha lake hugoma kufungika hata leo. Jopo lilikaa nyuma: mkuu wa shule wa wakati huo, mama mfupi asiyependa kuambiwa jambo mara mbili, mwalimu wa taaluma, na mwandishi wa wasifu huu. Mgeni aliingia, akasalimu, akaufuta ubao hadi kwenye pembe zake, akaandika nusu kujumlisha robo. Kisha, kwa mwandiko mzuri sana, akaandika jibu: mbili ya sita. Akageuka, akakunja mikono, akatabasamu, akangoja.

Tulishtuka. Kalamu ya mwalimu wa taaluma ilianguka, wala hakuinama kuiokota. Mtu mzima, mwenye vyeti vilivyokubaliwa, alikuwa amejumlisha namba za juu na za juu, za chini na za chini, kama mtoto aliyesinzia darasani. Wanafunzi wetu, waliofunzwa tangu darasa la kwanza kwamba mwalimu hapingwi, waliinamisha vichwa wakanakili. Mgeni akazidi kungoja. Tabasamu likaanza kumtoka. Alilipigia jibu lile mstari kana kwamba anatusaidia. Watoto nao wakatoa rula zao, wakapiga mstari.

Kanuni ilikuwa kwamba jopo halitamki neno hadi kengele ilie. Mkuu wetu aliivunja, wala si kwa kumhurumia mgeni. Alikuwa amechungulia daftari la mtoto aliyekaa mbele yake, na hakuweza kustahimili kuona uongo umeandikwa kwa unadhifu kiasi kile. Alisimama, kiti kikalia sakafuni, akasema: “Mwalimu, hapo umekosea. Mwenye nusu ya mkate, ukimwongezea robo, hawezi kubaki na mkate pungufu ya nusu.”

Tulitazamia udhuru, pengine machozi. Badala yake, uso wa mgeni ulichanua. Alilivuka darasa zima, akamkabidhi mkuu wa shule kipande cha chaki, akasema: “Ahsante sana, mama. Nimezunguka shule tatu nikimngoja mtu wa kuniambia hivyo. Haya, nenda ukawaoneshe wenzako.”

Na mkuu wa shule, ambaye hapakuwa na mtu aliyethubutu kumtuma, alikwenda ubaoni.

Baadaye ofisini mambo yalieleweka. Katika chuo alichosomea, somo la hisabati hufunguliwa kwa jibu lenye kosa. Wanafunzi hushindana kulibaini, na anayelibaini hupewa chaki alisahihishe. Darasa lisilopinga huhesabiwa kuwa limelala. Kwetu, darasa lisilopinga huhesabiwa kuwa lina adabu. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyemweleza, kwa kusitasita, kwamba bila shaka majopo yale matatu yalimwona mtu asiyejua kujumlisha. Hapo ikawa zamu yake kushtuka. Aliketi, akaziba mdomo kwa kiganja chenye vumbi la chaki. Kwa wiki nyingi alikuwa ameusahihisha ulimi usio na kosa.

Alipata kazi. Wifi yake alipoelezwa kisa chote, inasemekana alishika kiuno akatoa uamuzi wake: kumbe mbuzi walikuwa wa huku.

Muhula wa kwanza haukuwa rahisi. Hakuna mkono ulioinuka kwa siku nyingi, naye hakuacha kukosea na kungoja. Mzazi mmoja, dereva wa lori, aliingia shuleni na daftari mkononi, akilalamika kwamba mwanawe anafundishwa uongo. Mwalimu alimshukuru, akampa chaki. Dereva yule alisahihisha hesabu ile mbele ya darasa, akapigiwa makofi, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti mzuri wa kamati ya wazazi. Kisha ugonjwa ukaenea. Mwalimu wa historia aliambiwa na mwanafunzi, kwa heshima zote, kwamba amemzika mfalme mmoja mara mbili. Ofisi ya walimu ilishtuka, ikanung'unika, halafu ikaanza kuandaa masomo kwa uangalifu zaidi.

Ameongoza idara ya hisabati, na matokeo ya mitihani yanajieleza yenyewe. Lakini jambo ambalo wengi wetu tutamkumbukia ni dogo zaidi. Walimu waliohamia kutoka nchi nyingine walipokuja kutafuta kazi, yeye ndiye aliyewapokea kabla ya jopo, akawauliza: kwenu somo huanzaje? Swali hilo sasa ni kanuni ya shule, na jopo letu huliuliza kwanza. Walimu watatu walio nasi leo wamepita katika mlango huo.

Ijumaa iliyopita tulisimama nyuma ya darasa la tano kushuhudia kipindi chake cha kuaga. Aliufuta ubao hadi kwenye pembe zake. Hakuandika hesabu. Aliandika: Hili ndilo somo langu la mwisho katika shule hii. Akageuka, akakunja mikono.

Mikono yote iliinuka kwa pamoja. Msichana wa dawati la nyuma hakungoja kuitwa. “Mwalimu,” alisema, “hapo umekosea.”

Alimpa chaki, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria yake. Msichana alikwenda mbele, akaisoma sentensi ile neno kwa neno. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Sisi walimu, watu wazima, tulikuwa tukilitafuta kosa pamoja naye. Kisha akairudisha chaki, akaenda kukaa.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila kosa ulilotuandikia. Tumelitafuta hilo la mwisho hadi sasa, hatujaliona. Nenda kwa amani wewe na mzee wako. Siku zako ziwe njema, na popote utakapokaa, usikose mtu wa kukwambia ukweli.