Mwanaharusi binti Seleman na Ndege za Fungu la Nyange

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyewapa samaki maji na ndege anga, na sisi akatupa ardhi ya kutembelea na ya kurejea, tumekusanyika hapa Kibiti kumsindikiza Bibi Mwanaharusi binti Seleman, na familia imenipa mimi, Abdalah bin Husseini, mtoto wa kaka yake, heshima ya kuwasomea maisha yake, nami nawaomba wazee wangu na mama zangu mnivumilie, kwa sababu katika maisha haya kuna mahali ambapo hata waliokuwepo, wakisimulia, husita kidogo, wakajiuliza kama waliona au waliota.

Marehemu alizaliwa mwezi wa Rajabu mwaka 1906, kijijini Salale, visiwani Rufiji, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Seleman bin Dadi, mkata mikoko, na alizaliwa ndani ya mtumbwi, mama yake akiwa anarudi kutoka shamba la mpunga, hivyo wazee wakasema kwamba mtoto huyu hakuwahi kuigusa nchi kavu kabla hajalia, na kwamba huenda ardhi isimshike sana. Mwaka 1915, manowari ya Wajerumani ilipokuwa imejificha ndani ya vijito vyetu, ndege za Waingereza zilivuka kutoka upande wa Mafia zikapita juu ya mikoko kuitafuta, zikinguruma kama nyuki waliofungiwa mtungini, na watu wa Salale, ambao hawakuwa wamepata kuona chombo kikienda hewani, walijitupa matopeni wakaficha nyuso, ila mtoto Mwanaharusi alibaki amesimama, uso juu, na bibi yake, Bi Tatu, alipomvuta mkono na kumwuliza kwa nini hajifichi, alijibu kwamba alitaka kuona zimeshonwa vipi.

Elimu yake aliipata chuoni hapo hapo Salale, akahitimu msahafu mwaka 1918, na shule ya serikali hakuiona, maana siku zile haikuwapo upande wetu, lakini kwa Bi Tatu alijifunza kuchana ukindu, kuutia rangi na kuusuka kuwa mkeka, naye akafika mahali pa kusuka ukili mwembamba na mwepesi kiasi kwamba mkeka wake ukiutandika uani penye upepo ulikuwa ukiinuka wenyewe, ukakaa hewani kidogo kama unaofikiri, kisha ukashuka.

Sasa ili mjue kazi iliyompa jina, itabidi nirudi nyuma kidogo. Baada ya vita Kisiwa cha Mafia kiliwekwa kwa muda chini ya Unguja, ikawa ukivuka mkondo umetoka nchi moja umeingia nchi nyingine, na ingawa mwaka 1922 kilirudishwa Tanganyika, watu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuonja utamu wa kuwa na nchi yao, wakaendelea kuitana wageni. Mafia walijisifu kwamba ndege za kwanza zilirukia kwao, nasi tukajisifu kwamba zilikuja kutafuta kwetu, na vijana waliokuwa wakirusha tiara, yaani vishada, wakaanza kuzijenga kubwa zaidi, zenye mabawa na mkia, wakaziita ndege za vita. Kila mwaka wakati wa upepo wa kusi, maji makuu ya bamvua yalipokupwa, walikutana kwenye Fungu la Nyange, kisiwa cha mchanga kilichokuwa kikiibuka katikati ya mkondo kwa muda mfupi kisha kikazama, kisichokuwa cha mtu yeyote, wakarusha ndege zao, kamba zimepakwa ulimbo na unga wa chupa, ili ya huyu iikate ya yule. Sharti lao kubwa lilikuwa kwamba ndege iwe ya kwao tupu, imetengenezwa kwa vitu vya nchi yao na mikono ya watu wao, hata kitambaa cha dukani kilikatazwa, na kwa sababu hiyo mabawa ya ndege za Salale, tangu mwaka 1923, yalikuwa mikeka ya Mwanaharusi, na kaka yake, baba yangu Husseini, ndiye aliyekuwa mkuu wa warushaji.

Lakini ukweli ambao kila mmoja aliujua na hakuna aliyeutaja ni kwamba fito za mikoko zilizokuwa mbavu za ndege za Mafia zilitoka kwetu, kwa kuwa zetu ni ndefu na zinapinda bila kuvunjika, na kamba zilizoshika ndege zetu zilitoka Mafia, kwenye minazi mingi, ambako watu husokota makumbi mpaka yakawa na nguvu kuliko chuma. Na ni kwa njia hiyo ya kamba kwamba alifika Salale kijana msokotaji kutoka Baleni, Bushiri bin Shaabani, mtu wa maneno machache, ambaye alileta bidhaa yake msimu wa kwanza, akaja wa pili bila bidhaa yoyote, na mwezi wa Mei mwaka 1927 akafunga ndoa na marehemu. Wakahamia Baleni, wakajaliwa watoto wawili, Mwajabu, aliyezaliwa mwaka 1929, na Maneno, aliyezaliwa mwaka 1933, ambao wote wako nasi hapa.

Ndoa hiyo, badala ya kupoza mambo, iliyachochea, kwani mikeka ya Mwanaharusi ilionekana sasa kwenye ndege za Mafia, Salale wakasema binti yao ameiuza nchi, Mafia wakasema ameletwa kuwapeleleza, na mwaka 1934 wakubwa wa pande zote mbili walipiga marufuku, fito zisivuke kwenda na kamba zisivuke kuja. Matokeo yake mliokuwapo mnayakumbuka, ndege zetu zilikuwa na mifupa mizuri na kamba mbovu, za wenzetu zilikuwa na kamba nzuri na mifupa ya mapongoo, vigongo vya makuti ya minazi, zote zikaanguka, na kila upande ukashangilia kuanguka kwa mwenzake, ukasahau kwamba na yake imo majini.

Mwaka 1936, kwa hasira ya kuanguka, kila upande uliapa kwamba safari hii ndege yake itampandisha mtu. Habari zilipofika Baleni kwamba atakayepanda kwa Salale ni Husseini, na kwamba ataning'inia kwenye kamba ya ukindu, marehemu, aliyeujua ukindu kama kiganja chake, alijua kwamba kaka yake amekwisha kufa ila tarehe tu. Hakulia, alikaa mlangoni akitazama bahari mpaka mume wake akatoka kiwandani na kamba mpya begani, ile ndefu aliyoisokota kwa ajili ya ndege ya Mafia yenyewe, akaiweka mapajani mwake na kumwambia, "Ipeleke. Shemeji yangu akianguka, asianguke kwa kukosa kamba yangu." Kwa neno hilo Bushiri alikuwa amejitoa katika nchi yake, naye alilijua hilo.

Siku ya bamvua, mwanzoni mwa Agosti, fungu liliibuka jeupe, lenye maji ya kina cha kifundo kingoni, na anga ilikuwa imeshuka ndani ya yale maji hata watu wakaonekana wanatembea juu ya mawingu. Ndege ya Mafia, waliyoiita Kipanga, ilitangulia, ikanyanyuka na kijana wao kwa kamba nyingine, mbavu zikavunjika kabla hajafika kimo cha mnazi, akaangukia majini akatoka anachechemea, mzima. Ikaja zamu ya ndege yetu, Korongo, mabawa yake yakiwa mikeka ile ile ya zamani aliyoiacha marehemu kabla ya kuolewa, na Husseini alikuwa amekwisha kuishika bembea ya kukalia pale dada yake alipovuka katikati ya fungu, mbele ya macho ya nchi mbili, akiwa na kamba kichwani.

Baba yangu alimwambia kwamba hakuna kamba ya Mafia itakayompandisha mtu wa Salale, afadhali afe. Marehemu aliutua mzigo mchangani, akamjibu bila kupandisha sauti, "Kaka, mimi ni mtu wa Salale, na kamba ya Mafia imenifunga miaka tisa sasa. Nipandishe mimi." Baba yangu, huyu aliyeketi hapo mbele yenu, aliiachia bembea, akasogea pembeni.

Wakaifunga ile kamba. Upepo wa kusi ulikuja wa taratibu, kisha ukaja wa kweli, mikeka ikajaa, na mwanamke mdogo wa umbo, leso imekazwa kiunoni na nyingine kichwani, akatoka mchangani kama mtu anayepanda ngazi nyumbani kwake, akapita kimo cha mnazi, akapita kimo ambacho tiara ya mtu yeyote ilipata kufika, akawa mdogo. Ukaja mkupuo wa upepo, wanaume wa Salale wakaburutwa, visigino vikachimba mifereji mchangani, maji yakawafika magotini, na Bushiri, aliyekuwa amesimama peke yake kwa sababu watu wake walikuwa wamemtenga, alikimbia akaishika kamba aliyoisokota mwenyewe, na nyuma yake wakaja watu wa Mafia, kwanza mmoja mmoja, kisha wote, wakaishika, na hapo kamba ikatulia.

Yaliyompata huko juu marehemu aliwasimulia wanawake wa nyumbani tu, nao ndio walionipa ruhusa ya kuyasema. Alisema kelele za watu zilikatika ghafla kama mlango uliofungwa, akabaki anasikia mikeka ikipumua, na alizitambua pumzi zake moja moja, huu niliusuka mwaka wa mafuriko, huu niliusuka mama alipofariki. Alisema hakuogopa, alisinzia kidogo. Alisema aliiona mito yote ya visiwani ikitandazika kama vidole, na Mafia ikiwa imelala upande wa pili na kijani chake, na nyange, wale ndege weupe, walipita chini yake wasimtazame.

Walipomshusha, maji yakiwa yameanza kulirudia fungu, pande zote mbili zilimzunguka zikitaka aseme ameona nini, kila mmoja akitumaini nchi yake itasifiwa. Alinywa maji, akasema, "Tope letu linafika hadi kwao. Nimeliona." Salale wakaondoka wakisema maana yake ni kwamba Mafia ni shamba letu, Mafia wakaondoka wakisema maana yake ni kwamba Rufiji inamomonyoka na kuhamia kwao, na wote wakadai kwamba ndege iliyompandisha mtu ilikuwa ya kwao tupu, hawa kwa sababu ya mabawa na mifupa, wale kwa sababu ya kamba. Mwezi uliofuata serikali kutoka Utete ilitoa amri kwamba mtu asirushwe tena kwa chombo chochote, na Korongo ikaozea ufukweni, kwa kuwa hakuna upande uliokubali mwingine uiguse.

Marehemu na mume wake hawakupata tena raha Baleni, wala Salale, na mwaka 1938 walihamia hapa Kibiti, wakalima mpunga na ufuta, yeye akasuka mikeka na kuwafundisha mabinti wa mji huu, wengi wao wakiwa sasa mama wa watoto. Eropleni za kwenda Lindi zilipopita juu alikuwa akitoka nje, akazitazama mpaka zikaishia, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mwaka 1949 Bwana Bushiri alitangulia mbele ya haki, na katika mazishi yake baba yangu Husseini alikuja kwa mara ya kwanza, akaomba kushika jeneza upande wa kichwa, akapewa, na tangu hapo kaka na dada hawakupoteana tena.

Mwaka 1957 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa Utete, akapata nafuu, maradhi yakarudi baada ya mvua za vuli, na juma lililopita, alipoona hali yake, alituma watu Salale na Baleni kuwaita ndugu, nao wakaja, wakapokezana kumwuguza. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, aliomba dirisha lifunguliwe, likafunguliwa, na mwanawe Mwajabu anasema kwamba upepo uliingia, mama yake akatabasamu kidogo kama aliyesikia sauti anayoijua, akatoa shahada, akaenda.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Utete kwa huruma yao, majirani wa Kibiti waliochota maji na kupika bila kuombwa, wasukaji wenzake wa Ikwiriri na Umwe waliokuja kwa miguu, na wageni wetu wa pande mbili, ambao tangu jana wamekuwa wakibishana kwa adabu azikwe Salale alikozaliwa au Baleni alikoolewa. Ndugu zangu, jambo hilo alikwisha kulikata mwenyewe. Alitwambia azikwe hapa Kibiti, na tulipomwuliza sababu alisema kwamba mtu wa Salale na mtu wa Mafia, kila mmoja akitaka kumzuru, itambidi ashuke bandari moja ya Nyamisati, wangoje pamoja lori moja, na njiani hawatakosa la kuzungumza.

Shangazi, umeshuka salama, kamba tumeishika sote, lala sasa kwa amani.