Injini ya Mzee Swaibu Inauzwa Kesho

Kijiwe chetu kiko Ujiji, kwenye ukuta wa duka la nyavu, na benchi lake ni ubao uliobaki Petero alipomaliza kuunda boti ya mtu mmoja wa Kalya. Petero ni seremala wa maboti, tunamwita Randa, na hajaacha kutukumbusha kwamba ubao ni wake. Wa pili ni Abdulmajid, tunamwita Taarifa, kwa sababu hakuna jambo Kigoma nzima ambalo yeye hakulisikia kabla halijatokea. Kahawa anauza Nasma, anayetuvumilia kwa kuwa tunalipa. Mimi ni Jumanne, na wao huniita Pamba. Kazi yangu ni kuziba maboti ya mbao. Nachukua pamba, naichovya kwenye mawese, naisindilia kwa patasi kwenye kila mwanya na kila tundu mpaka maji ya ziwa yakate tamaa. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na mkono wangu ukiona tundu chini ya boti hauombi ruhusa.

Jana baada ya swala ya alasiri, Taarifa alifika, na hata kukaa hajakaa.

— Mzee Swaibu anauza injini. Kesho asubuhi inang'olewa.

Hakuna aliyeuliza injini gani.

Mzee Swaibu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa akisimama gatini na kukwambia vali ipi imechoka kwenye chombo ambacho bado kiko mbali majini. Alipostaafu akaipata boti moja ya starehe, ya faiba, iliyoachwa na mtafiti wa samaki aliyerudi kwao. Ina vitanda viwili, choo, jiko dogo na viti vya kuegemea. Mzee hakuitaka kwa ajili ya kujionyesha. Mkewe, Bi Zuhra, ana nyonga mbovu, hawezi kukaa juu ya magunia kutwa nzima kwenye maboti ya abiria, na dada yake yuko Sigunga, hawajaonana miaka minane. Mzee alimwahidi kwamba atafika kwa dada yake akiwa amekaa kitini.

Tuliitengeneza wenyewe, ufukweni Bangwe, na hapo ndipo wazimu wetu ulipoanza. Petero aliijengea paa la mbao nene, boti ikawa inayumba hata ikiwa nchi kavu. Taarifa alifunga honi ya lori na taa za rangi zilizomaliza betri kabla injini haijawaka. Mimi nilipewa rangi. Mzee alitutazama akacheka, lakini injini hakumruhusu mtu kuigusa. Ndani ya pampu inayovuta maji ya kuipoza kuna pangaboi dogo la mpira, na lile la zamani lilikuwa limekwisha. Jipya hapa kwetu halipatikani. Basi akachonga jingine mwenyewe, kwa kisu, kutoka kwenye tairi la lori. Siku nne alikuwa akichonga na kupima kwa uzi. Alipomaliza alitupitishia mkono kwa mkono tulishike, kama anayewaonyesha watu mjukuu wa kwanza.

Siku ya safari hatukufika hata nusu saa. Injini ilichemsha, ikatoa moshi, ikazimika. Bi Zuhra alibaki amekaa kitini na mkoba wa zawadi mapajani mpaka wavuvi wa migebuka walipotuvuta kuturudisha. Mzee alipofungua pampu alikuta mpira wake umekwisha kabisa. Ni miezi minne sasa, na hajakanyaga kijiweni. Kila anayempa pole anamjibu kwamba mikono yake imezeeka.

— Mimi nilisema toka mwanzo, — Petero alianza, ingawa toka mwanzo hakusema kitu. — Ile ni boti ya baharini. Imezoea chumvi. Chumvi inabeba. Ukiileta kwenye maji matamu inakaa chini zaidi, injini inavuta mzigo ambao haikuandikiwa.

— Paa lako je?

— Paa langu lilikuwa linaipa kivuli, Taarifa.

Taarifa yeye alishikilia ni dizeli. Alidai imechanganywa na mafuta ya taa, na kwamba anaijua njia ilikopita, saa ilipopita na shati la aliyeichanganya. Petero akamkumbusha kwamba dizeli ya dumu lile lile ilikwenda na lori la mpwa wake mpaka Kasulu na kurudi. Taarifa akanywa kahawa, akaiacha dizeli, akahamia kwenye joto. Injini ile ilitengenezwa nchi ya baridi, akasema, na hakuna aliyeiandaa kwa joto la Kigoma. Ilitakiwa ianze kwa kukaa kivulini wiki mbili, izoee.

— Kama mgonjwa, — alisema Nasma.

— Kama mgeni, — Taarifa alimsahihisha.

Mimi nami nikatia langu. Nikasema huenda ni kiboko aliyegonga chini. Waliniangalia, na Petero akainamisha kichwa, lakini Taarifa aliipokea kwa furaha na kuipandisha juu zaidi. Kiboko hakuja hivi hivi, alisema. Boti ilikuwa na jina la mke wa yule mtafiti, sisi tukalifuta kwa msasa tukaandika Zuhra. Chombo nacho kina wivu. Petero ni mtu wa kwaya, mambo ya chombo chenye wivu hayamhusu, lakini kwenye kikombe cha pili alikiri kwamba ile Z ilichukua siku tatu kukauka wakati herufi nyingine zilikauka siku moja.

Nikiwasikiliza nilikuwa nacheka, na kicheko kilikuwa kinaniuma. Mimi nilikuwa najua. Nimejua miezi yote minne.

Ijumaa kabla ya safari, boti ikiwa juu ya magogo, mzee alikwenda Ujiji kwa swala, na baada ya swala kulikuwa na maziko. Alipoondoka alituambia tupake ubavuni tu, chini tusiguse, atapashughulikia mwenyewe. Rangi ikabaki. Nami sipendi kazi nusu. Niliingia chini na brashi, na karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, nikakuta tundu la kuingia kidole gumba, halina hata kifuniko. Tundu, chini ya boti. Nilitia pamba na mawese, nikasindilia barabara, nikapaka rangi juu yake, na nilitoka pale nikijisifu kwamba nimewaokoa watu wasizame. Petero alikuwa ameshika kopo la rangi. Mzee aliporudi jua lilikuwa linazama na rangi ilikuwa mbichi, akatazama kwa mbali, akatushukuru.

Sikujua kwamba boti ya namna ile inanywa maji ya kupoza injini kupitia pale. Nilikuja kujua ziwani, injini ilipoanza kutoa moshi na mzee akapiga kelele kwamba maji hayaingii. Kama ningesema pale pale ningekuwa mjinga tu, na ujinga husameheka. Lakini tulipofikishwa ufukweni, mzee alipokwenda nyumbani mara moja, nilipiga mbizi na kisu nikaing'oa ile pamba. Alipokuja kukagua alikuta tundu liko wazi. Lawama ikabaki kwa pampu. Ikabaki kwa mpira wake. Ikabaki kwa mikono yake.

Petero aliniona nikiibuka majini na kisu. Hatujawahi kulizungumza.

Ndipo akaja mtu mrefu mwenye ovaroli ya mafuta, akasimama mbele ya benchi.

— Mwiriwe.

Petero aliitikia salamu hiyo ya Kirundi, akasogea kumpisha akae. Alijitambulisha kuwa ni Bigirimana, wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na sasa anakaa Simbo, ana mashine ya kukamua mawese. Yeye ndiye aliyeinunua ile injini, aipeleke kwenye mashine yake.

— Mzee Swaibu amenielekeza hapa, — alisema. — Injini ni nzito. Amesema rafiki zake wanakaa kwenye hili benchi, kesho watanisaidia kuinua.

Nasma akammiminia kahawa. Taarifa alitaka kumwanzishia habari ya kiboko, lakini Bigirimana alikuwa na lake. Alitoa mfukoni kitambaa, akakifungua juu ya goti. Ndani mlikuwa na vipande vya ule mpira.

— Mniwie radhi, nyie mlikuwepo, mimi sikuwepo. Lakini pampu nazijua, ndizo zinanilisha. Mzee anasema alichonga vibaya. Mimi nimetazama. Mpira uliochongwa vibaya hukatika, na pale unapokatika unaacha ukali. Huu hauna ukali. Shika uone. Umelainika ukang'aa, umeungua. Pampu ilizunguka kavu.

Vile vipande vilipita kwa Petero, vikapita kwa Taarifa, vikaja kwangu. Vilikuwa vyepesi.

— Na tundu la kuingizia maji nimeliangalia, liko wazi, — aliendelea. — Nimelala sina raha. Siku ile maji yalizuiwa na nini?

Alikuwa anauliza tu. Hakumtazama mtu yeyote. Taarifa, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la vitu visivyoulizwa, alianza tena na dizeli. 

— Vuga, Pamba, — Petero aliniambia kwa Kiha, taratibu. Alikuwa ananiomba niseme.

Nikasema. Nilianza na Ijumaa nikamaliza na kisu, na kopo la rangi nililitaja bila jina la aliyelishika, lakini Petero mwenyewe akasema ni yeye. Taarifa ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisema ametembeza habari ya dizeli mji mzima mpaka muuza mafuta ameacha kuitikia salamu yake, na mimi nimekaa kando yake siku zote hizo nikiomba sukari. Nasma alinyoosha mkono akakichukua kikombe changu kikiwa bado na kahawa. Hakukijaza tena.

— Mzee anajua? — Bigirimana aliuliza.

— Hajui, — nilijibu.

— Basi twende. Siwezi kuchukua injini ya mtu kwa namna hii.

Nilimwambia tungoje kesho, tukutane naye asubuhi akiwa ametulia. Akanijibu kwamba hiyo kesho mimi nimekwisha kuitumia mara nyingi. Hakuna njia bora ya kuniambia ukweli kuliko ile. Tukapanda bajaji, mimi na yeye. Petero alibaki akisema ana boti ya kumaliza, na simlaumu, kwa sababu hata mimi niliyekwenda nilitamani bajaji iharibike njiani.

Mzee Swaibu alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapaka grisi spana zake moja moja na kuzifunga kwenye gunia. Alikuwa anazifungasha zote. Niliposema shikamoo aliinua uso akafurahi kuniona, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia.

— Marahaba, Pamba. Umekuja kwa ajili ya kesho?

— Nimekuja kwa ajili ya siku ile, mzee.

Nilimweleza nikiwa nimesimama.  Spana aliyokuwa ameishika aliendelea kuipaka grisi ilhali imekwisha kuenea. Nilipomaliza alimtazama Bigirimana, na Bigirimana akamfungulia kile kitambaa na kumwonyesha ule mng'ao, akamweleza alivyotueleza sisi. Mzee alichukua kipande kimoja akakisugua kwa kidole gumba muda mrefu.

— Kwa hiyo mpira wangu ulikuwa mzima, — alisema.

— Ulikuwa mzima, — Bigirimana alimjibu.

— Zuhra, — aliita. — Zuhra, njoo usikie.

Bi Zuhra alitoka akijishika ukutani, hatua kwa hatua, na mzee akaniambia nirudie yote mbele yake. Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana Bi Zuhra alikuwa ananitazama mikono. Mzee alisubiri mpaka nikafika mwisho, akamwambia mkewe, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo miezi minne:

— Umesikia? Pampu haikuwa na kosa.

Kisha akamgeukia Bigirimana akamwomba radhi kwamba ameshampa neno lake, lakini injini haiuzi tena. Bigirimana akajibu kwamba yeye alikuwa na matumaini hayo, na kwamba kichwa cha injini kimepinda kidogo tu, anamjua mtu Kidahwe wa kukinyoosha, na atakuja mwenyewe kushika upande mmoja. Walianza kuzungumza habari za mpira, tairi gani lina uzi mdogo ndani, kisu gani hakichani. Gunia la spana likafunguliwa. Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Hakuna aliyenikaribisha kukaa na hakuna aliyenifukuza.

Nilipoaga, mzee hakuinua uso.

— Ile pamba uliitoa saa ngapi?

— Jioni ile ile, mzee. Ulipokwenda nyumbani.

Alihesabu kichwani. Nilimwona akihesabu.

— Ulikuwa umeruka majini kutufungia kamba ya wavuvi, — alisema. — Ulikuwa unatetemeka. Nilikwenda nyumbani kukuletea shati kavu.

— Ndiyo, mzee.

— Nikakuletea.

— Uliniletea.

— Ukalivaa.

— Nililivaa.